SOMO: Ute wa alovera kwa soriasisi, na kwa nini shubiri lazima itoke kwanza

Nimechoka kujibu swali hili kila wiki, yaani namna ya kuandaa na kupaka ute wa alovera kwa soriasisi, kwa hiyo liwekwe hapa moja kwa moja. Ni kwa soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) iliyothibitishwa hospitali, siyo pumu ya ngozi wala fangasi. Baka lake ni nene, lina mpaka wazi na magamba meupe. Kwenye ngozi nyeusi huwa la zambarau au kijivu, siyo jekundu.

1. Kata jani nene la chini, karibu na shina.

2. Toa shubiri. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni. Kati ya ganda na ute kuna maji ya njano: ndiyo shubiri yenyewe, ile ya "chungu kama shubiri". Yakibaki yanaweza kuwasha ngozi, utajikuna, na ngozi ya soriasisi ikikwaruzwa inaweza kuota baka jipya palepale mkwaruzo ulipopita. Simamisha jani kikombeni, mkato chini, nusu saa. Likiacha kudondosha, lioshe, ondoa miiba, menya kwa kisu kilicholala. USIKWANGUE ganda, acha ute kidogo upotee, maana ukikwangua umeirudisha shubiri. Loweka vipande dakika 10, mwaga maji, rudia. Gusisha ncha ya ulimi kisha tema: ukiona uchungu, loweka tena.

3. Saga, chuja.

4. Weka friji, siku 5 mwisho. Huna friji? Kata kipande cha siku hiyo tu.

5. Jaribu kidogo ndani ya mkono, subiri siku 2.

6. Usiku lainisha magamba kwa mafuta ya nazi. Asubuhi oga maji ya vuguvugu bila dodoki, paka ute mwembamba, ukikauka pitisha mafuta ya nazi juu yake. Ute mara 2 au 3 kwa siku, wiki 4 ndipo uamue. Usitie limau. Usipake penye kidonda.

MASWALI

Chumbageni: Nikitia limau si itafanya kazi haraka?
– Hatua ya 6. Soma.

Makorora: Basi niache vidonge vya hospitali?
– Hapana, na sijaandika hivyo popote. Vidonge vya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) vikikatizwa ghafla, soriasisi inaweza kulipuka kwa vipele vya usaha mwili mzima. Dawa anaibadilisha daktari.

Pongwe: Mkuu, huu ute unafanya nini hasa kwenye seli?
– Swali zuri, ndugu. Seli za ngozi huzaliwa chini na kupanda juu taratibu, takriban mwezi. Kwenye soriasisi kinga ya mwili hutuma ishara za uvimbe, mojawapo IL-17, na safari ile inakuwa ya siku 3 hadi 5. Seli zinafika juu changa, zingali na kiini, zimegandana: hilo ndilo gamba. Ute karibu wote ni maji, pamoja na sukari ndefu iitwayo asemanani. Unalowesha gamba, seli zilizokufa zinaachia, mwasho unatulia. Ile kinga inayochochea kule chini bado ipo. Majaribio nayo hayakubaliani: Pakistani, 1996, krimu yenye alovera asilimia 0.5 iliwasafisha wagonjwa 25 kati ya 30, wakati krimu isiyo na alovera iliwasafisha 2 kati ya 30. Denmark, 2005, jeli isiyo na alovera haikuzidiwa na yenye alovera. Ndiyo maana nasema upakwe pamoja na dawa, siyo badala yake.

Muheza: Mwanangu aliumwa koo, sasa ana vidoa vidogo kama matone, kifua na mgongo.
– Pole, dada. Mpeleke akapimwe koo kwanza. Bakteria wa koo huweza kuamsha soriasisi ya namna hiyo kwa watoto. Alovera isubiri.

Pongwe: Na mafuta ya nazi, ya dukani yanafaa?
– Yanafaa kama hayana manukato. Ukipika mwenyewe, chemsha tui moto mdogo mpaka lisitoe povu tena na mashapo yawe kahawia, epua, chuja kwa kitambaa kikavu. Maji yakibaki, mafuta yatachacha mapema.