Kila Kitu na Chombo Chake: Kutumia Bidhaa za Nyumbani na za Michezo Bila Kuidhuru Familia

Duka la mtaani kwetu hupima mafuta ya taa kwa kikombe cha bati na kuyamimina katika chupa yoyote aliyokuja nayo mteja, na mara nyingi chupa hiyo huwa ya soda au ya maji ya kunywa. Mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka miwili, aliikuta chupa ya namna hiyo chini ya meza ya jikoni, kifuniko hakijakazwa, akapiga funda moja. Alipona baada ya kulazwa, lakini tangu siku hiyo kila kitu cha nyumbani nakiuliza swali lile lile: je, kimo katika chombo chake, na kiko mahali pake? Nimeona kwamba ajali nyingi za nyumbani huanza pale kitu kinapohamishwa, na maelekezo yafuatayo yanakwenda kwa kufuata jambo hilo.

Mafuta ya taa, jiki, dawa ya chooni, dawa ya kunguni na kostiki soda ya kutengenezea sabuni visitiwe kamwe katika chupa ambayo mtoto ameizoea kuwa ya kinywaji, kwa maana mtoto hasomi maandishi ya lebo. Anachotambua ni umbo la chupa na rangi yake. Tenga kidumu kimoja cha mafuta, cha rangi isiyofanana na chombo chochote cha maji nyumbani, chenye kifuniko cha kukaza, na ndicho kiende dukani siku zote. Kikirudi, kiwekwe kwenye kabati lenye komeo au juu kiasi kwamba mtoto hakifikii hata akipanda kiti. Uvungu wa sinki na pembeni mwa jiko, ambako ndiko wengi wetu tunakoweka vitu hivi, ni sawasawa na kimo cha mtoto anayetambaa.

Ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, usimtapishe, wala usimpe maziwa, mayai mabichi au mafuta ya kula kwa nia ya kumtapisha. Najua wazee wetu walifanya hivyo, na walifanya kwa huruma, lakini hatari kubwa ya mafuta ya taa iko kwenye mapafu: ni mepesi mno, huteleza hadi njia ya hewa mtoto anapokohoa au kutapika, na kiasi kidogo tu kikifika huko huleta homa kali ya mapafu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji, kisha mpeleke kituo cha afya hata kama anacheza, kwa kuwa kikohozi na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Nenda na chupa yenyewe ili mganga aone kilichonywewa. Jiki au dawa ya chooni ikiingia jichoni, lioshe kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ndipo muanze safari.

Wako pia wanaochanganya jiki na dawa ya chooni wakiamini kwamba dawa mbili kali zitang'arisha zaidi. Dawa nyingi za chooni zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu, tena katika chumba kidogo kisicho na dirisha. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine iache kwa siku nyingine.

Jiko la mkaa lina udanganyifu wake. Usiku wa baridi, Njombe au Limuru, watu hungoja moshi uishe, makaa yawe mekundu, kisha huliingiza chumbani wakidhani sasa ni salama. Makaa hayo yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini huenda asiamke. Kichwa kikiwauma watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, pamoja na kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko lilale nje, na baridi ipigwe kwa blanketi.

Mtungi wa gesi usimamishwe wima, na viungio vyake vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toa watu, na simu ipigwe mkiwa nje. Kwa Tanzania, namba ya Zimamoto ni 114.

Betri bapa mithili ya sarafu, zinazokaa kwenye rimoti na vitu vya kuchezea, ikikwama kooni huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Nunua vifaa ambavyo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, na mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali yenye eksirei bila kusubiri dalili.

Ufukweni, mpira wa tairi la gari na maboya ya kujaza upepo ni vya kuchezea tu, havimwokoi mtu. Maji yakiwa yanakupwa na upepo ukivuma kutoka nchi kavu, mtoto aliyekaa juu yake huchukuliwa mbali kabla mzazi hajainua macho kutoka kwenye simu. Asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wako, wala usingoje kusikia kelele, kwa sababu anayezama mara nyingi hazami kwa kelele. Bwawa dogo la plastiki la uani nalo limwagwe maji mara tu watoto wanapotoka na lipinduliwe, kwani mvua ya usiku mmoja inatosha kuliwekea tena maji ya kumzamisha mtoto anayetambaa.