Kumtetea mtoto mahakamani Marekani: mwongozo kwa anayetaka kujitolea CASA

Nchini Marekani, mtoto akiondolewa nyumbani kwa sababu ya kupigwa, kudhalilishwa au kukosa matunzo, kesi yake hufika kwa jaji. Mzazi huwa na wakili, na idara ya ustawi wa watoto ina wakili wake. Mwaka 1977 jijini Seattle, Jaji David Soukup alianza kutumia raia wa kawaida waliofunzwa ili wamletee habari za mtoto mwenyewe, kwa kuwa aliona anaamua mambo mazito kwa taarifa chache mno. Mpango huo ndio CASA (Court Appointed Special Advocates, yaani watetezi maalumu walioteuliwa na mahakama), na leo uko sehemu nyingi za Marekani. Baadhi ya majimbo, kama North Carolina, huwaita watu hao guardian ad litem, lakini kazi inafanana.

Mtetezi si wakili wala afisa wa ustawi, na hawi mlezi wa mtoto. Kazi yake ni kwenda, kuona, kuuliza, kuandika na kupendekeza. Anayeingia akitaka kumwokoa mtoto kwa mikono yake mwenyewe huchoka mapema, na mara nyingi huharibu kesi.

Kuomba nafasi

Programu nyingi hutaka uwe na umri wa miaka 21 au zaidi. Utajaza fomu, utatoa majina ya watu wa kukudhamini, utahojiwa, kisha rekodi zako za jinai na za unyanyasaji wa watoto zitachunguzwa. Mafunzo ya awali ni saa 30, na baada yake unakula kiapo mbele ya jaji. Kila mwaka unaongeza saa 12 za mafunzo. Kesi ni moja au mbili kwa wakati, na hutakiwi kuiacha njiani, kwa hiyo jipime kama unaweza kudumu nayo mwaka mzima na zaidi. Panga saa 10 hivi kwa mwezi. Mwezi wa kwanza utakula zaidi ya hizo.

Msomaji wa Kiswahili aliyeko Marekani ana jambo moja la kuangalia kabla ya kukubali kesi. Jumuiya zetu ni ndogo, hasa za wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi: mnasali pamoja, mnachangiana misiba, watoto wenu wanapanda basi moja. Ukiliona jina la familia unayoifahamu, hata kwa mbali, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo na uikatae kesi. Usiri hapa ni amri ya mahakama, na habari ikivuja kanisani hairudi tena.

Kabla hujamwona mtoto

Soma amri ya uteuzi wako neno kwa neno, na utembee na nakala. Ndiyo inayokufungulia shule na hospitali. Bila hiyo karani wa mapokezi atakurudisha mlangoni. Kisha soma faili lote na uchore ratiba kwenye karatasi moja: siku aliyoondolewa, kila nyumba aliyohamishiwa, kila shule, kila kikao kilichopita na kijacho.

Kwenye karatasi hiyo weka saa ya sheria. Kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1997, kikao cha kuamua makazi ya kudumu ya mtoto lazima kifanyike ndani ya miezi 12 tangu ahesabiwe kuwa ameingia kwenye malezi ya kambo (foster care, yaani kulelewa kwa muda nje ya kwao chini ya idara). Akikaa humo miezi 15 kati ya 22, idara hutakiwa kuomba haki za mzazi zifutwe, isipokuwa kama mtoto anaishi na ndugu, kuna sababu nzito ya kutofanya hivyo, au idara yenyewe haikuipa familia huduma zilizohitajika. Hesabu haianzi siku ya kuondolewa kila mara. Huanza siku mahakama ilipothibitisha unyanyasaji au siku 60 baada ya mtoto kuondolewa, ipi itangulie. Majimbo mengine yana muda mfupi zaidi, kwa hiyo thibitisha tarehe zako na wakili wa programu.

Kile kipengele cha huduma kisikupite. Mama akiagizwa kuhudhuria darasa la malezi, na darasa linafundishwa kwa Kiingereza asichokijua, karatasi itaonyesha kwamba amekataa kushiriki. Kazi yako ni kuuliza ni nani aliyefundisha, kwa lugha gani, na kama mkalimani alikuwepo.

Kumtembelea

Mwone mtoto ana kwa ana angalau mara moja kwa mwezi, pale anapoishi. Tazama anapolala, dawa zake ziko wapi, anakula na nani. Omba muda wa kuzungumza naye bila mlezi kusikia. Maswali mapana huzaa zaidi: "Jana ilikuwaje tangu ulipoamka?" hukuletea mengi kuliko "Unapapenda hapa?", kwa sababu mtoto aliyehamishwa mara kadhaa ameshajifunza kuitikia ndiyo.

Usimhoji kuhusu ukatili wenyewe. Hiyo ni kazi ya wahoji waliosomea, na swali lenye jibu ndani yake linaweza kuuvuruga ushahidi. Akianza mwenyewe kusimulia, sikiliza, usioneshe kushtuka, usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Ukitoka, andika maneno yake kama alivyoyatamka, kisha piga simu ya kuripoti ukatili na umwarifu msimamizi papo hapo.

Kwa mtoto mdogo sana, macho ndiyo maswali. Uzito umepanda? Akiumia humkimbilia nani? Ana maneno mangapi kulinganisha na mwezi uliopita? Kwa kijana anayekaribia miaka 18, kagua karatasi. Sheria inataka anayetoka kwenye malezi kwa umri awe amekabidhiwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya Social Security, kitambulisho, rekodi za matibabu na taarifa za bima ya afya. Kijana aliyetoka kwenye malezi akiwa na miaka 18 anaweza kubaki na Medicaid, bima ya afya ya serikali, hadi afikishe 26, ila wengi hawaambiwi. Kama alizaliwa nje ya Marekani, uliza hali yake ya uhamiaji mapema na umwachie wakili, maana njia nyingine hufungwa kwa umri.

Usimpeleke nyumbani kwako, usimpe pesa. Programu nyingi pia hazimruhusu mtetezi kumbeba mtoto kwenye gari lake. Inaonekana ukali, lakini siku moja ya ajali au tuhuma inamwacha mtoto bila mtetezi katikati ya kesi.

Watu wengine wa kuwauliza

Mwalimu humwona mtoto kila siku, kwa hiyo anza naye: mahudhurio, alama, marafiki, tabia baada ya siku za kumwona mzazi. Tangu sheria ya elimu ya 2015, mtoto aliye kwenye malezi ana haki ya kubaki shule yake ya awali iwapo inamfaa, hata akihamia mtaa mwingine. Usafiri ndio huzua ubishi, basi uliza ni nani anaulipia.

Ndugu nao watafutwe. Idara hutakiwa kuwaarifu ndugu watu wazima ndani ya siku 30 tangu mtoto aondolewe, lakini faili nyingi zina majina mawili tu. Kaa na mzazi mchore ukoo kwenye karatasi, pande zote mbili, pamoja na mama wakubwa, baba wadogo na binamu walio majimbo mengine. Andika simu zao na umpe afisa wa ustawi orodha hiyo.

Mzazi pia lazima umsikilize. Uliza kwanza kama ruhusa ya wakili wake inahitajika. Hata kama Kiswahili ni chako, usigeuke mkalimani wake. Mtu hawezi kuwa shahidi na mfasiri wa kesi ileile. Mtoto naye asitumiwe kutafsiri. Hakikisha tu lugha iliyoandikwa kwenye faili ni ya kweli: mtu aliyeandikwa Kiswahili kambini huenda nyumbani anazungumza Kibembe au Kinyarwanda, na Kiswahili cha Bukavu si cha Mombasa. Angalia na saa. Mzazi anayehesabu kwa saa zetu anaposikia "saa nne" hufika saa nne asubuhi, huku afisa alimaanisha saa kumi jioni. Miadi miwili mitatu ya namna hiyo ikikosekana, faili litasema mama hajali.

Ripoti

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ripoti huwasilishwa siku kadhaa kabla ya kikao kwa muda uliowekwa na mahakama, na msimamizi huipitia kwanza. Mpe wiki nzima. Kurasa tatu hadi tano zinatosha. Orodhesha uliowaona na tarehe, kisha makazi, afya, shule, kuonana na wazazi, maendeleo ya wazazi kwenye mpango wa kesi, matakwa ya mtoto, na mwisho mapendekezo.

Kinachoangusha ripoti nyingi ni maoni yaliyovaa nguo za ukweli. "Nyumba ya mama ni chafu na haifai" humpa wakili wa mama nafasi ya kukuchana vipande. Andika hivi: "Tarehe 4 Machi, saa 10 jioni, sinki lilikuwa na vyombo visivyooshwa. Friji ilikuwa na maziwa, mayai na wali. Kitanda cha mtoto kilikuwa na shuka safi. Kigunduzi cha moshi hakikuwa na betri." Jaji sasa anaweza kuamua, na anaona kwamba betri inanunuliwa leo. Umaskini peke yake si kumtelekeza mtoto. Ukikuta godoro sakafuni, uliza kama mtoto analala salama kabla hujauliza kwa nini hakuna kitanda.

Kila habari ibebe chanzo chake: nimeona, mwalimu kaniambia, rekodi ya kliniki ya tarehe fulani inaonyesha. Matakwa ya mtoto yaandike hata kama unapendekeza kinyume, na useme kwa nini umepishana naye. Pendekezo liwe na mtendaji na muda. "Mtoto apate ushauri nasaha" halimfungi mtu. "Idara impeleke mtoto kwa mshauri anayezungumza Kiswahili, au mwenye mkalimani, ndani ya siku 14" linafunga.

Siku ya kikao na baada yake

Fika dakika 30 mapema, kwani mengi huafikiwa kwenye korido kabla jina halijaitwa. Usisome ripoti kwa sauti. Sema kilichobadilika tangu uiandike. Ukiulizwa usilolijua, jibu kwamba hujui na utatafuta. Kabla hujatoka, andika kila agizo: nani, nini, lini. Baada ya wiki mbili piga simu moja moja uone lililofanyika, maana maagizo mengi hukwama kwa sababu hakuna aliyefuatilia fomu ya kumpeleka mtoto au mzazi kwenye huduma.

Kesi ikifungwa, iwe mtoto amerudi nyumbani, ameasiliwa au amepata mlezi wa kisheria, muage ana kwa ana na umweleze kwamba hutakuja tena. Kisha rudisha madaftari na nakala zote kwa programu, na ufute barua pepe na picha za kesi kwenye simu yako kama watakavyokuelekeza.