Kabla Hujashika Jembe Pemba

Kila mwaka hunijia ujumbe kutoka kwa jamaa walioko Dar es Salaam au Muscat: nataka kurudi nilime shamba la marehemu babu, nianze na nini? Huwajibu wasianze na mbegu. Waanze kwa kuuliza miti ni ya nani.

Mtu wa bara anaweza kulishangaa swali hilo. Zanzibar ardhi ni mali ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Unachopata wewe ni haki ya kuitumia, na miti iliyosimama juu yake inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Minazi minne ni ya shangazi, mikarafuu ile iliwekwa rehani zamani, mwembe wa mpakani una warithi saba. Hata zile eka tatu walizogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi zina habari kama hizi. Basi mwendee sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa eneo hilo, chukua wazee wawili wanaoijua mipaka, zungukeni shamba mti kwa mti, na kila linalosemwa liandikwe. Mkarafuu usiutie shoka bila kibali, hata kama umezeeka. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa ajili ya mnazi mmoja uliokatwa bila kuulizwa.

Kisha maji, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo wengi tunapoharibu. Kisiwani maji matamu hayakai peke yake chini ya ardhi. Mvua huzama, ikaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mawe, kwa kuwa ya bahari ni mazito zaidi. Hesabu yake ya makadirio ni hii: kwa kila futi moja ambayo maji ya kisima yako juu ya usawa wa bahari, kuna kama futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze. Ukivuta kwa pampu mpaka maji yakashuka futi moja, chumvi iliyo chini inaweza kupanda futi 40.

Mimi nilifunga pampu mwezi wa Disemba kwenye kisima kilicho karibu na pwani, nikamwagilia nyanya asubuhi na jioni. Kufika Februari ncha za majani zimeungua, na sabuni haitoi povu. Nilidhani ni ugonjwa, nikapiga dawa wiki mbili nzima kabla sijayaonja yale maji. Kwa hiyo kisima kionje mwishoni mwa kiangazi, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Wakati wa masika karibu kila kisima ni kitamu. Ukihitaji pampu, chukua ndogo ivute polepole, na mabati ya nyumba yafungiwe mifereji na tangi kabla ya mvua za Machi.

Pemba ni vilima, vifupi lakini vikali, na masika moja ikikuta umepiga matuta kutoka juu kwenda chini, udongo wako wote utaukuta bondeni kwenye mpunga wa jirani. Pima mteremko kabla ya kulima. Funga vijiti vitatu vikae mfano wa herufi A, ning'iniza jiwe kwa uzi kutoka juu, na uweke alama pale uzi unapokatiza kijiti cha kati miguu yote miwili ikiwa sawasawa. Tembeza kifaa hicho ukikata kilima, uzi ukiangukia ile alama, ukichomeka vigingi kila hatua. Kwenye mstari huo panda mchaichai au mananasi, vishike udongo na kukupa cha kuuza.

Kama shamba lako ni uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, kama kule Micheweni, udongo wenyewe ni viganja vichache kati ya mawe, tena umetokana na majani yaliyooza. Usichome moto. Fyeka, rundika majani kwenye mashimo ya mawe, upande humo humo. Na kama limepakana na mikoko, iache isimame. Yako mabonde ya mpunga Pemba ambayo bahari imeshayaingia.

Mikarafuu yenyewe inataka subira. Chimba shimo la majaribio la futi mbili, ulijaze maji. Yakituama mpaka kesho yake, mahali hapo panda kitu kingine. Mche mchanga hauwezi jua kali, hivyo migomba itangulie kupandwa mapema ili masika ikifika uwe na kivuli cha kuuweka. Kati ya mche na mche acha kama futi 30. Utachuma baada ya miaka sita au zaidi, na katika miaka hiyo nafasi iliyo katikati inalimika muhogo, kunde na viazi vitamu, mradi jembe lisikaribie mizizi.