Mtoto aandike "baby", si "bebi": tahajia ya maneno ya Kiingereza yanayoishia na y

Mtoto wa P.4 (darasa la nne la msingi nchini Uganda) akiandika "bebi" au "hapi", usimkaripie. Ameandika alichosikia, na katika Luganda au Kiswahili angekuwa sahihi kabisa. Katika lugha hizo y kwa kawaida hufuatwa na irabu, kama katika "yai", na hakuna neno linaloishia nayo. Shule nyingi za vijijini hufundisha kwa lugha ya nyumbani hadi P.3, kwa hiyo mazoea hayo yamekomaa. Mwambie wazi: katika Kiingereza, sauti ya i mwishoni mwa neno kwa kawaida huandikwa y. Atakuuliza kuhusu "taxi", maana huiona stendi kila siku. Mjibu kwamba hilo ni neno refu lililokatwa.

Kata kadi 12 kutoka kwenye boksi la sabuni. Sita ziwe my, fly, cry, sky, dry, try. Sita nyingine baby, lady, city, happy, story, body. Zichanganye. Mtoto asome kila kadi kwa sauti huku akipiga kofi kwa kila silabi, kisha aziweke katika mafungu mawili: kofi moja, makofi mawili. Usimtajie kanuni. Mwulize tu y inasemaje katika kila fungu, naye atagundua mwenyewe: kofi moja "ai", makofi mawili "i". July, reply na deny zisubiri wiki nyingine. Zina makofi mawili lakini husema "ai", kwa kuwa mkazo uko kwenye silabi ya mwisho.

Kuandika ni maneno matano kwa siku: atazame, afunike, aandike, afunue alinganishe. Akikosea, piga mstari chini ya herufi iliyokosewa tu, aandike neno upya mara tatu. Kuandika mara hamsini huchosha mkono, na kosa lenyewe hunakiliwa nalo.

Kazi kubwa iko kwenye viambishi vya mwisho. Hapa ndipo "babys", "cryed" na "plaied" huzaliwa, na dawa ni swali moja: kabla ya y kuna nini? Mtoto azungushie duara herufi hiyo kabla ya kuongeza chochote. Ikiwa ni konsonanti, y hugeuka i: baby huwa babies, cry huwa cries na cried. Ikiwa ni irabu, y haiguswi: boys, keys, played. Paid, said na laid hazifuati njia hii. Azikariri hivyo hivyo.

Mbele ya -ing, y haiondoki kamwe. Watoto wengi huandika "studing" baada tu ya kuielewa "studied", kwa sababu wameshika kwamba y hupotea. Andika study kwenye kadi moja na ing kwenye nyingine, aziunganishe bila kufuta kitu, kisha ahesabu herufi. Zikiwa saba, moja imeanguka. Studying ina nane.

Ijumaa toa imla ya sentensi fupi, si maneno makavu: "The boys cried." "Two ladies are carrying babies." Sentensi hiyo ya pili hupima kanuni mbili kwa pamoja. Makosa matatu ya aina moja yakijitokeza, rudi kwenye kadi za kanuni hiyo Jumatatu kabla hujagusa happier na happiest.