Kuondoa maeneo yasiyoshika Wi-Fi katika nyumba ya kuta nene

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, ni kwamba intaneti inakwenda vizuri ukumbini, lakini ukishavuka mlango wa chumba cha pili video inazunguka tu. Wengi hukimbilia kulipia kifurushi cha kasi zaidi, na mwezi unaofuata hali ni ile ile, kwa sababu kasi inayoingia nyumbani na mawimbi yanayosambaa ndani ya nyumba ni mambo mawili tofauti. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake hufikia unene wa nusu mita, na kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, vyumba ni vyembamba na vingi. Wimbi linalotoka mbele kwenda uani hupenya kuta tatu au nne. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji na zege la nondo naye atafuata hatua hizi hizi.

Hatua ya kwanza: hakikisha tatizo ni mawimbi. Simama mita mbili kutoka kwenye ruta, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, upime kasi. Ikiwa ni ndogo hata hapo, zungumza na kampuni inayokupa huduma; somo hili halitakusaidia.

Hatua ya pili: pima chumba kwa chumba. Weka kwenye simu ya Android programu ya bure ya kupima mawimbi, chora ramani ya nyumba kwenye daftari, kisha andika kipimo cha kila chumba. Kipimo hutolewa kwa dBm, yaani kizio cha nguvu ya mawimbi, nacho ni namba hasi: −50 ni mawimbi yenye nguvu, −67 yanatosha kwa simu ya video, na yakishuka chini ya −75 mambo huanza kukatikakatika. Zingatia kwamba kila namba inaposhuka kwa 10, nguvu inayokufikia ni sehemu moja tu ya kumi ya ile ya mwanzo. Katika nyumba ya shangazi yangu nilipata −41 kando ya ruta, −63 baada ya ukuta mmoja, −79 chumba cha tatu, na jikoni uani simu haikuona hata jina la mtandao. Nilipofungua mlango wa mbao uliokuwa kati ya ukumbi na chumba cha pili, ile −63 ikapanda hadi −56. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nyumba ile mawimbi yalikuwa yakipita milangoni kama watu.

Hatua ya tatu: hamisha ruta. Fundi wa faiba huiacha ruta pale waya unapoingilia, mara nyingi nyuma ya televisheni au sakafuni. Mwombe waya mrefu zaidi kabla hajaondoka. Iweke juu, kimo cha mtu au zaidi, mahali panapoelekeana na mstari wa milango, mbali na kioo kikubwa, friji na tangi la maji. Antena iliyosimama hutoa mawimbi kwa ubavuni, si kwa nchani, kwa hiyo anayetaka kufikia ghorofa ya juu ailaze antena mojawapo ya ruta.

Hatua ya nne: chagua masafa, yaani bendi ya redio ambayo ruta hutumia. GHz 5 ni ya kasi lakini huchoka upesi ukutani; GHz 2.4 hupenya zaidi, ila hugombaniwa na majirani na hata oveni ya maikrowevu. Kwenye GHz 2.4 tumia chaneli (njia ndogo ndani ya bendi) 1, 6 au 11 pekee, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani, na upana wa chaneli uwe MHz 20.

Hatua ya tano: vuta kebo. Ukuta wa nusu mita haubembelezwi. Vuta kebo ya mtandao aina ya Cat6, ya shaba tupu (ile ya alumini iliyopakwa shaba ni hasara) hadi kwenye chumba kilichokosa mawimbi, na ufunge huko ruta ya pili. Kebo hiyo inaruhusiwa kufika mita 100, urefu ambao nyumba chache sana zitaumaliza. Usitoboe ukuta wa zamani ikiwa kuna tundu la bomba la kiyoyozi au pembe ya dirisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ninayo ruta ya zamani kabatini. Je, itafaa kuwa ile ya pili?*

Itafaa. Ipe anwani ya mtandao (IP) isiyogongana na ya ruta ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani kwa vifaa), kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia). Jina la mtandao na nenosiri viwe sawa na vya ruta ya kwanza, lakini chaneli iwe tofauti.

*Dukani nimeshauriwa ninunue ekstenda ya kuchomeka kwenye soketi. Ina ubaya gani?*

Ekstenda hupokea mawimbi ya ruta na kuyarudia. Ikiwa inapokea na kutuma kwa masafa yale yale, kasi hupungua takriban nusu. Kosa kubwa zaidi, ndugu yangu, ni kuichomeka ndani ya chumba kisicho na mawimbi, ambako haina cha kurudia. Ikiwa huna budi, iweke mahali panaposoma −65 hivi. Vifaa vya meshi (visambazi kadhaa vinavyounda mtandao mmoja) visivyo na kebo navyo vina sharti hilo hilo.

*Kwa nini nisinunue tu ruta yenye antena kubwa?*

Kwa sababu simu nayo lazima ijibu, na kisambazi chake ni kidogo. Ni sawa na kumwita mtu kwa kipaza sauti huku yeye akikujibu kwa kunong'ona: atakusikia, wewe hutamsikia.

*Banda la wageni liko ng'ambo ya ua, mita 30. Nipitishe Cat6 juu kwa juu?*

Sikushauri, kwa sababu radi ikipiga karibu, waya wa shaba ulioko hewani huweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Pitisha faiba, ambayo haipitishi umeme, na ufunge kila upande kigeuzi cha kubadili faiba kuwa kebo ya kawaida.