Taa ngapi zinatosha mti wa Krismasi?

Wenzangu wa Mtwara na Masasi, hela ya korosho ikishaingia mkaanza kupita madukani kutafuta taa za Krismasi, msihesabu maboksi, hesabuni taa. Boksi moja lina taa 50, jingine 200, na ukubwa wa boksi haukwambii kitu.

Kipimo kinachotumika sana ni taa 100 kwa kila futi ya urefu wa mti. Mti wa futi 6, taa 600. Mimi naona hizo ni za mtu anayetaka sebule iwake kama ukumbi wa harusi. 300 zinapendeza na mapambo bado yanaonekana. Hasa kama umekata tawi la mvinje: vijiti vyake ni vyembamba na vimeachana, ukizijaza taa, mchana unabaki kuona nyaya tu. Mti wa plastiki ulioshonana ndio unaomeza taa, huo uongezee. Ukiusogeza kwenye kona, upande wa nyuma usipoteze taa huko.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji achomeke uone zote zinawaka. Urefu wa waya nao upime kuanzia taa ya kwanza, si kwenye plagi, maana kipande cha mwanzo mara nyingi hakina taa hata moja.