Namna ya Kutambua na Kurekodi Kupauka kwa Matumbawe

Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa, na wengi wanaoanza kuchunguza miamba hukosea hapo hapo. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipi, ambao ndani ya nyama yao huishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, humpa polipi hadi asilimia 90 ya nishati anayoihitaji, na ndio unaomtia rangi. Joto la maji likizidi kwa wiki kadhaa, mwani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru polipi, naye huutema. Hapo nyama hubaki bila rangi, na weupe tunaouona ni wa kiunzi cha chokaa kilicho chini yake. Mnyama yu hai, ila ana njaa.

Kabla ya kuingia majini, fuatilia joto. Matumbawe ya kila mahali yamezoea maji ya kwao, hivyo hatari huanza pale joto linapozidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi wastani wa mwezi wenye joto kubwa zaidi wa mahali hapo. Taasisi ya Marekani ya NOAA huchapisha bila malipo ramani za setilaiti zinazojumlisha joto lililozidi pamoja na muda lilipodumu: nyuzi 1 kwa wiki 4, au nyuzi 2 kwa wiki 2, hutoa jumla ya 4, ambayo kwa kawaida huleta kupauka. Jumla ikifika 8, tarajia kupauka kukubwa na vifo. Kwa kuwa setilaiti husoma uso wa bahari tu, ni vyema kufunga kipimajoto katika kina unachochunguza.

Vifaa ni vichache: ubao wa plastiki, penseli, na kadi ya rangi ya CoralWatch, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Queensland, yenye ngazi 1 hadi 6. Ishike karibu na tumbawe bila kuligusa, kisha andika ngazi ya sehemu iliyofifia zaidi na ya ile iliyokolea zaidi. Usitegemee macho wala picha peke yake, kwani kina cha maji hubadilisha rangi, ilhali kadi iko katika mwanga ule ule wa tumbawe. Ncha za matumbawe yenye matawi ziache, maana huwa nyeupe hata yakiwa na afya.

Kazi ngumu ni kupambanua weupe. Tumbawe lililopauka bado lina polipi wanaoonekana ukisogea karibu, na aghalabu hufifia kuanzia upande wa juu unaopigwa na jua, huku majirani zake nao wakififia. Lililokufa karibuni ni kiunzi kitupu, ambacho baadaye hufunikwa na utando wa mwani wa kijani au kahawia. Ukiona doa jeupe lenye mpaka dhahiri, na sehemu nyingine ina rangi yake, chungulia chini: huenda kiti cha pweza chenye miiba, yaani mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kimekula na kujificha. Matumbawe mengine hung'aa kwa rangi ya waridi, buluu au manjano. Yanapendeza mno, lakini ni dalili ya dhiki na yasiandikwe kuwa mazima.

Chagua matumbawe ya kupima kabla hujayakaribia, la sivyo utavutwa na meupe tu na rekodi itasema uongo. Andika umbo pia, kwa sababu yenye matawi kwa kawaida hupauka na kufa mapema kuliko yale makubwa ya mviringo.

Ziara moja haitoshi. Rudi kwa matumbawe yale yale baada ya wiki chache, kisha miezi kadhaa baada ya maji kupoa, kwa maana joto likishuka mapema mwani unaweza kurejea. Lililokufa lisiondolewe katika orodha na kubadilishwa na jingine zima. Acha mstari wake, uandike tarehe uliyolikuta limekufa.